Barua Nyeusi za Nesi Minza

Wenzangu mnaobaki kaunta, mliniomba niandike nilivyofanya kazi miaka yote ile, mkasema nisiwachoshe. Basi vyeo naviacha, na mshahara naunyamazia kwa kuwa wenyewe ulikuwa mnyamavu. Nitaandika niliyoyaona. Mnanijua si mtu wa kuchekacheka, kwa hiyo anayetafuta vichekesho asome hapa mwanzoni, maana huko mbele havipo.

Mimi sikuanza na kompyuta. Nilianza na redio ya upepo, kwenye kiwanda cha pamba cha ushirika hapahapa Bariadi. Siku ya kwanza mkuu wa ofisi, mama mmoja mkali, alinikalisha mbele ya redio akaniambia, "Ukiita kituo cha Kasoli wasipojibu, usikasirike. Wako shambani. Ita tena." Mafunzo yakaishia hapo. Msimu wa pamba nilikuwa napiga kelele tangu asubuhi: Kasoli mna marobota mangapi, Kasoli gari limefika, Kasoli mnanisikia. Nikirudi nyumbani hata mtoto nilimwita kwa sauti ileile, mume wangu akawa anajibu "nakupata, endelea".

Kisha ikaja ruksa. Soko likawa huria, wanunuzi binafsi wakaingia na magari yao na mizani zao na fulana za kugawa, na ushirika ukabaki na majengo na mlinzi. Redio ilinyamaza kwanza, tukafuata sisi. Nilikaa nyumbani msimu baada ya msimu, nashona vitambaa vya makochi katika mji ambao wenye makochi walikuwa wanahesabika. Niliona aibu kupita karibu na kiwanda. Nilikuwa nazunguka kwa nyuma, kupitia makaburini, ili nisikutane na mtu wa kuniuliza nafanya kazi wapi siku hizi.

Aliyenitoa huko ni Luhende. Alikuwa fundi redio wa kiwanda, kijana mrefu, mpole, mwenye tabia ya kukiomba radhi chombo kabla ya kukifungua. Alipoachishwa kazi alikwenda Dar, akakaa huko, akarudi na dishi kubwa kwenye gari la mizigo na neno jipya mdomoni: intaneti. Alipanga chumba karibu na stendi, akalifunga dishi juu ya bati, akaja mpaka nyumbani kwangu.

"Mama Shija," aliniambia, "wewe unajua kuita watu wasiosikia. Njoo tufanye kazi."

Nilimwambia sijui kompyuta. Akasema hata wateja hawajui, kwa hiyo tutafanana.

Kazi yetu ilikuwa kuwatunzia watu barua pepe na tovuti. Wanunuzi wa pamba walitaka anwani yenye jina la kampuni yao, si ile ya bure ya kila mtu. Parokia ilitaka, shule mbili za sekondari zilitaka, na zahanati moja ya misheni upande wa Lagangabilili ilitaka. Barua zenyewe hazikuwa kwetu. Zilikaa kwenye seva ya watu tuliyokodi nafasi Dar es Salaam, nasi tulikuwa walinzi wa mlango. Mteja alikuja, akakaa, akafungua ukurasa wake, akasoma, akajibu. Umeme ukikatika tulimsubirisha na chai. Vumbi la kiangazi liliingia kwenye kila kitu, mpaka kibodi zikawa zinasaga meno. Kila asubuhi nilizigeuza juu chini na kuzipiga mgongoni kama mtoto aliyepaliwa.

Luhende alinifundisha jambo moja ambalo nimewafundisha na ninyi: usimnyang'anye mteja kipanya. Hata akichelewa, hata foleni ikitoka nje, mkono wake ndio unaojifunza. Nimekaa pembeni ya mzee mmoja mnunuzi wa pamba akitafuta herufi M mpaka chai ikapoa, na nikanyamaza. Alipoipata aliinua mikono kama aliyefunga goli.

Ule ukurasa wa zamani wa barua ulikuwa mbaya wa sura. Maneno matupu, hauna rangi, barua mpya inakaa chini kabisa. Lakini watu waliuzoea kama mtu anavyozoea mlango unaokwaruza. Barua ambayo haijafunguliwa ilionekana kwa herufi nene, nasi sote pale tuliiita "nyeusi". Mteja akiingia aliuliza mapema, "Mama Shija, nina nyeusi?" Kama hana, wengine hawakukaa hata kitini, waligeuka wakaenda zao sokoni.

Sasa niwaambie habari za Nesi Minza, maana ndiye aliyenifanya nikubali kuandika.

Minza alikuwa muuguzi wa ile zahanati ya misheni. Mwanamke mfupi, anatembea haraka, anaongea polepole. Kule kwake mtandao wa simu haukuwa umefika, kwa hiyo alikuja kwetu kila siku ya mnada, na gari lililoleta wachuuzi. Wagonjwa aliowapeleka Mwanza wakakatwa kinyama cha kupimwa, majibu yao yalirudi kwa barua pepe kwenye kikasha cha zahanati. Kichwa cha barua kilikuwa kilekile siku zote, "Majibu", na namba. Jina la mgonjwa lilikuwa ndani.

Minza alikuwa na utaratibu wake. Akishasoma jibu, kama mgonjwa mwenyewe hajaambiwa, alibonyeza kitufe cha kuirudisha barua iwe nyeusi tena. Iliendelea kuwa nyeusi mpaka siku aliyofika kwenye mji wa mgonjwa, yaani nyumbani kwao, akasalimia, akakaa na mgonjwa na mkubwa wa kaya, akasema. Wakati mwingine ilichukua miezi, kwa sababu kiangazi watu huhama na ng'ombe. Nilimuuliza siku moja kwa nini asitume tu neno kwa mtu anayekwenda huko.

"Mayu," aliniambia, na hiyo ndiyo heshima yetu kwa mwanamke mzima, "habari ya mwili wa mtu haibebwi na mpita njia. Mtu asikie anaumwa nini toka kwa mwenye baiskeli? Hiyo si adabu."

Nilikubaliana naye. Hata sasa nikiwaza vizuri, mtu wa kwetu hasemi vingine.

Mwaka huo Minza alijifungua, akaenda likizo ya uzazi. Zahanati ililetewa muuguzi wa kumshikia, binti mtulivu ambaye hakuwahi kukaa mbele ya kompyuta na hakutaka kuanza. Hakuja kwetu hata mara moja. Kikasha kikabaki kinapokea barua, hakuna anayekifungua.

Ni katika likizo hiyo tulipobadilisha ukurasa. Wenye seva Dar walisema ule mfumo wa zamani wanauzima, kila mwenye wateja ahamishe barua zake, na baada ya muda fulani mashine ile inafutwa. Luhende hakuhuzunika. Wateja walikuwa wameanza kututania kwamba barua za bure zina rangi na zetu hazina. Akachagua ukurasa mpya: mzuri, wa bluu, una maneno ya Kiswahili, barua mpya inakaa juu, na pale juu kabisa kuna kisanduku cha kutafutia. Unaandika neno lolote, unaletewa kila barua yenye neno hilo, hata likiwa tumboni mwa barua. Luhende alikijaribu kile kisanduku mpaka nikamwambia atakichubua.

Tulihamisha mwisho wa juma, ofisi ikiwa imefungwa. Mimi nilikuwa nasoma majina ya wateja, yeye anahamisha kikasha kimoja kimoja na kukagua. Alikuwa mwangalifu kupita kiasi. Hakupoteza barua hata moja, na hilo namshuhudia mbele ya yeyote. Ila kulikuwa na kitu kimoja: barua zilifika kule zote nyeusi. Zile za zamani, zilizojibiwa, hata matangazo, zote zilijionyesha kama hazijawahi kufunguliwa.

Luhende akavuta pumzi. "Mteja afungue Jumatatu akute barua zote nyeusi, si atazimia? Atadhani tumemharibia kila kitu."

"Utafanyaje?"

"Kuna amri ya kuzisafisha zote kwa pamoja. Zote zihesabike zimesomwa. Aanze upya, roho safi."

Akaandika ile amri. Ilikuwa fupi. Weusi wote ukatoka, vikasha vikawa vyeupe kama sare za watoto siku ya kufungua shule. Tulifurahi wote wawili, tukafunga mlango tukaenda kula nyama choma.

Wiki iliyofuata kaunta ilikuwa matata matupu. Mzee wa herufi M alisema tumemgeuzia nyumba paa chini. Katibu wa parokia alitafuta barua mpya chini kwa siku kadhaa, akalalamika kwamba dayosisi imeacha kumwandikia. Niliwaelekeza mmoja mmoja bila kuwashika kipanya. Hakuna aliyelalamikia weusi, kwa sababu kila mmoja alikuwa amekwisha kusoma za kwake. Isipokuwa mmoja, ambaye wakati huo alikuwa nyumbani ananyonyesha.

Minza aliporudi kazini alikuja siku ya mnada na mtoto mgongoni. Nilimwonyesha ukurasa mpya. Akatazama, akaona nyeusi mbili tatu za juzijuzi, na chini yake weupe mtupu.

"Kumbe yule binti kanifanyia kazi," alisema. "Kawafikia wote. Wabeja, asante mwanangu, huko uliko."

Binti mwenyewe alikuwa amekwisha kuhamishiwa wilaya nyingine. Ndivyo ilivyokuwa, na nilikuwa nimesimama hapohapo. Yeye aliamini mtu amefanya kazi, mimi nikadhani binti alikuja siku nisiyokuwepo.

Mvua zilipoanza, wale waliokuwa malishoni upande wa Bukundi walirudi na ng'ombe. Miongoni mwao alikuwa Holo, mke wa mtoto wa mzee Gamaya. Alikuwa na uvimbe kwenye titi, na kabla ya kiangazi Minza alimpeleka Mwanza wakachukua kinyama. Alikwenda zahanati akauliza kama jibu limekuja. Minza akamwambia hakuona, ila wiki hiyo atatazama. Na siku ya mnada wakaja wote wawili.

Namkumbuka Holo vizuri. Kijana bado, meno meupe, kanga mpya. Alisalimia kila mtu mle ndani, hata waliokuwa na shughuli zao, kisha akakaa kwenye benchi na mikono mapajani. Minza alifungua kikasha, akaangalia nyeusi, akazisoma zote.

"Bado," alimwambia. "Mwanza wanachelewa. Ukiona kimya, ujue hawajamaliza."

"Basi nitakuja tena," Holo akasema.

Akaja tena, majani ya pamba yakiwa yamefika gotini. Bado. Akatabasamu, akanunua chumvi, akaondoka. Minza alimwandikia daktari wa Mwanza kuuliza, lakini daktari yule alikuwa amekwisha kurudi kwao, na barua ile haikujibiwa na mtu.

Mara ya tatu Minza alikuja peke yake, amekunja uso. Alisema Holo ameanza kuvaa nguo pana na mkono mmoja hauinui vizuri. Nikamwambia, "Hebu tujaribu kile kisanduku cha kutafutia. Labda jibu liliingia kwa namba nyingine." Niliwaza hivyo tu, kama mtu anavyotikisa redio. Minza akaandika jina: Holo.

Ilitokea barua moja. Nyeupe. Tarehe yake ilikuwa ya katikati ya likizo yake.

Aliifungua. Aliisoma mpaka mwisho, akairudia, midomo inacheza. Daktari aliandika kwamba ni saratani, bado ni ya mwanzo, mama huyu arudishwe haraka akatwe, asicheleweshwe. Minza alisoma maneno hayo "bado ni ya mwanzo" kwa sauti, halafu akanitazama.

"Nani ameifungua hii?"

Luhende alikuwa nyuma anachomelea waya. Alitoka, akasoma juu ya bega la Minza, na nikaona rangi inamtoka. Alielewa kabla yetu.

"Hakuna aliyeifungua, dada," alisema. "Ni mimi. Nilizisafisha zote."

"Ulizisafisha."

"Zote."

Minza hakumfokea. Heri angemfokea. Aliuliza tu kama anaweza kumwonyesha zingine zilizokuwa nyeusi siku ile, na Luhende akasema mashine ya Dar ilishafutwa, kwa hiyo haiwezekani tena kujua. Tukazifungua moja moja sote watatu, kuanzia za miezi ya mwisho kabla hajaondoka kwenda kujifungua. Zilikuwa chache. Wengine majibu yao yalikuwa mema, mmoja alikuwa amekwisha kufariki kwa jambo jingine. Aliyebaki ni Holo.

Luhende alichukua pikapu yake, tukaenda siku hiyohiyo. Barabara ilikuwa tope. Tulifika mjini kwa mzee Gamaya mchana, ng'ombe wakiwa wametoka. Tukasalimiana.

"Mwadila," mzee akasema.

"Mwadila, bhabha," tukaitikia.

Akauliza habari za kwetu, za watoto, za mvua, za mnada, moja moja kama inavyotakiwa, na Minza akajibu zote. Nilikuwa nazikasirikia salamu zile. Zilikuwa ndefu kuliko nilivyowahi kuzisikia. Holo aliletwa, akapiga goti kwa baba mkwe, akakaa mkekani.

Minza alisema. Hakuficha kitu. Alisema jibu lilikuja zamani, likakaa, na kila alipomwambia bado, lilikuwepo. Luhende akasema kosa ni la kwake na akaeleza ile amri, lakini namna alivyoieleza hakuna aliyeielewa.

Mzee Gamaya aliuliza jambo moja tu: kama lingesomwa siku lilipofika, huyu mkwe wake angepona? Minza akasema daktari aliandika kwamba ni ya mwanzo. Mzee akatazama chini, akawa anachora ardhini na fimbo yake.

Holo ndiye aliyezungumza, tena kwa sauti ya kawaida.

"Mimi nilikuwa nafurahi," alisema. "Nesi akisema bado, nilikuwa nawaza, wangeona kibaya wangewahi kusema. Nilikuwa nikitoka kule kwenu narudi naimba."

Nililia pale, mbele ya watu wazima, na sikuona aibu.

Tulimpeleka Mwanza kesho yake. Walimkata, lakini walisema imeshatembea. Alirudi nyumbani, akakaa na watoto wake, akaona pamba inapasuka. Hakuiona ikichumwa. Tulikwenda maziko, Luhende akasimama mbali na wanaume wenzake, na hakuna aliyemfukuza wala aliyemkaribisha.

Luhende hakuwa mtu yule tena. Aliendelea na kazi, ila kila alichotaka kubadilisha alikuja kwanza kukaa pembeni ya mteja asubuhi nzima, anaangalia tu mkono wa mtu unafanya nini. Wateja walimwona ameanza kuzeeka. Baadaye wengi walihamia barua za bure, dishi likang'olewa na upepo wa Oktoba, na yeye akaugua presha akafa kabla hajaona hizi ofisi zenu za vioo. Mimi nikachukuliwa na kampuni hii yenu, nikaambiwa nina uzoefu.

Minza ndiye niliyemwona akibadilika zaidi. Siku ya mnada baada ya maziko alikuja kama kawaida. Zilikuwepo nyeusi mbili. Alizisoma, akafunga ukurasa, akatoka moja kwa moja mpaka stendi. Nilimfuata, nikidhani anaumwa. Nikamkuta amemshika mkono dereva wa gari la mizigo, mtu hata jina hamjui, anamwambia mbele ya watu wote: fulani wa kijiji fulani, jibu lake limetoka, si zuri, aje zahanati leo, asingoje kesho. Akamtaka dereva aliseme neno hilo upya mpaka alipolisema sawasawa. Kisha akamkamata mwenye baiskeli, naye akampa la pili.

Watu waligeuka kutazama. Mama mmoja muuza dagaa alisonya, akasema kwa Kisukuma kwamba huyu nesi siku hizi hana adabu, anatangaza miili ya watu sokoni.

Minza alimsikia. Alijifunga kanga vizuri, mtoto akalia mgongoni.

"Kweli, mayu," akamjibu. "Adabu yangu nimeizika na Holo."